Riwaya Kwenye Rafu ya Kilimo

Nilianza kuandika riwaya kwa sababu ileile inayowafanya watu waanze kufuga kuku: kwa mbali ilionekana rahisi. Uhuru ulikuwa bado mchanga, nami nilikuwa mwalimu wa darasa la nne katika shule iliyo juu ya kilima, si mbali na soko la Magwagwa. Siku moja tuliletewa sanduku la vitabu vya hadithi vya Kiswahili. Kabati la kuviwekea halikuwepo, kwa hiyo mwalimu mkuu akaniambia nivipeleke nyumbani visije vikaliwa na mchwa. Niliwawahi mchwa, nikavisoma vyote. Vilikuwa na masultani, majini, na watu waliokula wali kila siku. Hakuna hata mmoja wao aliyepanda kilima wala kunyeshewa. Nilipofunga kile cha mwisho nikasema moyoni, hata mimi naweza.

Lililoniponza ni kumwambia mume wangu.

Mume wangu alikuwa karani wa majani chai. Kazi yake ilikuwa kupima majani ya wakulima katika banda lililokuwa chini ya shule, na mtu anayeonana na kijiji kizima kila siku ya kuchuma hawezi kuwa na siri. Sijaandika hata sentensi moja, tayari alikuwa amewatangazia wote. "Mke wangu anaandika kitabu," alisema, huku akitazama mshale wa mizani. Kuanzia hapo nikawa naulizwa habari za kitabu kama mwanamke anavyoulizwa habari za mimba: kwanza kwa furaha, kisha kwa wasiwasi, mwishowe kwa huruma. Nilizaa watoto wanne kabla ya kitabu hicho kutoka, na kila nilipojifungua kulikuwa na mtu wa kunitania kwamba aliyetarajiwa si huyu.

Hadithi niliyoianza ilikuwa ya binti aliyeolewa mbali, ndoa ikamshinda, akarudi kwa baba yake na kuomba kipande cha ardhi apande chai. Kaka zake wakamkatalia, kwa kuwa kwetu binti alihesabiwa kuwa mgeni anayelelewa. Siku moja ataondoka, na akiondoka hatarajiwi kurudi na jembe. Lakini binti wangu alikuwa na kichwa kigumu, na nilimpenda kwa hicho kichwa.

Shida ya kwanza ilikuwa lugha. Nyumbani tulizungumza Ekegusii. Kiswahili kilikuwa cha darasani, cha mjini na cha askari. Nilikuwa nakijua vizuri, nilikuwa na cheti cha kuthibitisha, lakini sikuwa nimewahi kukitumia kumgombeza mtu ninayempenda. Watu wa riwaya yangu walikasirika kwa Ekegusii, wakachumbiana kwa Ekegusii, nami nikawa kama mkalimani wa mahakama, nawaandikia kwa Kiswahili yale waliyokuwa wakiyasema.

Niliandikia bandani. Nyumbani kulikuwa na watoto, na shuleni kulikuwa na watoto wengi zaidi. Kwenye banda la majani mtu aliruhusiwa kukaa tu, kwa sababu sote tulikuwa tunalingoja lori la kiwanda, na lori hilo lilikuwa na tabia za jamaa tajiri: lilikuja lilipotaka, na likija kila mtu alilikimbilia. Mvua ya alasiri iliiharibu barabara, lori likakwama bondeni, nasi wanawake tukakaa ukutani na vikapu vyetu mbele yetu. Nami nilikuwa na daftari magotini.

Jirani yangu, mwanamke wa ng'ambo ya kijito aliyekuwa na sauti ya kuita ng'ombe, ndiye aliyeuliza.

"Mwalimu, kila siku unasahihisha nini hicho?"

"Sisahihishi. Naandika kile kitabu."

"Basi tusomee, tuache kuhesabu matone."

Nikawasomea, nikitafsiri papo hapo. Nilipokoma, wakaniambia niendelee. Haukupita muda mrefu, wanawake wakawa wanafika bandani kabla mizani haijafunguliwa. Mume wangu alilalamika kwamba majani yalikuwa yananyauka vikapuni kwa sababu wenyewe wameacha kuyageuza, wanasikiliza. Nilijiona mwandishi mkubwa. Sikujua kwamba hao ndio wahariri wakali kuliko wote nitakaowahi kukutana nao.

"Yule kaka mkubwa lazima afe," jirani aliamua siku moja.

"Siwezi kumuua. Bado ana kazi huko mbele."

"Basi avunjike mguu."

Wanawake wote wakakubaliana naye. Nikamvunja mguu. Mambo mengi katika kitabu kile yaliamuliwa hivyo, na wakosoaji wa vitabu, kama wangekisoma, wangesema mwandishi ana jicho la kina.

Habari zikamfikia mama mkwe wangu. Alikuwa mama wa kanisa, mwenye msimamo, na alinijia jikoni nikiwa nachambua mboga.

"Mokamwana," akaniita, yaani mke wa mwanangu, "nasikia katika kitabu chako kuna mama mkwe mbaya."

"Yupo, mama."

"Ni mimi?"

"Hapana, mama! Haki ya Mungu si wewe."

Akachukua mboga, akaanza kuchambua nami. "Kwa nini si mimi? Nimekukosea nini hata usiniandike?"

Nilimwahidi nitamtafutia nafasi, na kweli nilimtia katika sura ya sita, akipita njiani na kusalimia watu. Aliridhika.

Mchungaji hakuridhika kirahisi hivyo. Sisi tulikuwa Wasabato, na Wasabato wa miaka ile tulilima chai bila kuinywa. Tuliichuma, tukaipima, tukaisomeshea watoto, na mgeni akija tukamkaribisha kwa maziwa au uji. Mchungaji alikuja, akapokea maziwa yake, akauliza kwa upole.

"Mwalimu, huyu mwanamke unayemwandika, yupo?"

"Hayupo, mchungaji."

"Na kaka zake?"

"Hawapo."

"Na yale wanayotendeana yalitokea?"

"Hayakutokea."

"Basi huo si uongo?"

Nilikuwa nimejiandaa. "Ni mfano, mchungaji. Hata Bwana wetu alifundisha kwa mifano. Mwana mpotevu hakuwa na jina wala kijiji."

Alitafakari huku akinywa. "Ni kweli," akasema. "Lakini mifano ya Bwana ilikuwa mifupi."

Aliniruhusu niendelee, kwa sharti kwamba nisiandike siku ya Sabato na kwamba binti huyo atubu mwishoni. Nilimwambia nitaona. Binti mwenyewe hakuonekana kama mtu wa kutubu.

Kitabu kilipokwisha, nikaambiwa kwamba wachapishaji wa Nairobi hawasomi maandishi ya mkono. Ilibidi kipigwe taipu. Katika mji wa Kisii kulikuwa na duka la vitambaa la familia ya Kihindi, na nyuma ya duka, mke wa mwana wa mwenye duka alikuwa na mashine ya taipu. Aliwachapia watu barua za kesi za mashamba na maombi ya kazi. Alikuwa mwanamke wa umri wangu, mwembamba, mwenye miwani, na Kiswahili chake kilikuwa cha kaunta, kifupi na cha haraka. Nilimpelekea madaftari yangu. Tulikubaliana nimlipe kidogo kidogo, na ndizi juu yake.

Niliporudi mara ya pili alinitazama juu ya miwani.

"Mwalimu, hii mwanamke yako kichwa ngumu sana."

"Ndiyo."

"Iko kama mimi," akasema, akaendelea kugonga.

Baadaye akanieleza jambo jingine, bila kuinua macho. "Pale wazee nachinja ng'ombe, mimi naruka. Siwezi chapa ng'ombe nachinjwa. Naandika, 'wakala vizuri.'"

Nilikuwa nimetumia ukurasa mzima kumchinja fahali yule, damu na kila kitu. Nikasoma alivyoandika: *Wazee wakakusanyika, wakala vizuri.* Niliona haya kukiri kwamba ilikuwa bora. Nikaiacha.

Tulifunga kitabu kwa uzi wa cherehani wa dukani mwao na kukituma Nairobi. Jina lake lilikuwa *Binti Aliyerudi Kwao*. Mume wangu aliwaambia watu wote kwamba kitabu kimekwenda, na kwa muda mrefu kila gari geni lililopanda kilima lilidhaniwa kuwa limekuja kunichukua.

Barua ilikuja badala ya gari. Ilikuwa ya heshima. Ilisema hadithi inavutia, lakini wasomaji wao wametatizwa na sura ya pili, ambapo mtoto mchanga analia na bibi yake anasema, "Mpelekeni kwa baba akanyonye." Je, ni kosa la uchapaji, au ni uchawi? Kama ni uchawi, barua iliendelea, wanaona umeingia mapema mno katika kisa.

Nilisoma barua ile mara mbili ndipo nikaelewa, nikacheka mpaka nikakaa chini. Kwa Ekegusii, baba ni mama. Ndivyo mtoto wa kwetu anavyomwita aliyemzaa. Baba mzazi anaitwa tata. Mimi, mwenye cheti cha Kiswahili, niliyewachapa watoto wa darasa la nne kwa kuchanganya neno hilohilo, nilikuwa nimesikia sauti ya bibi yule akilini kwa lugha yake na mkono wangu ukaandika ulichosikia. Katika kitabu kizima akina baba walikuwa wakisonga ugali, wakisuka nywele za mabinti na kulia harusini. Mpiga taipu wangu hakuwa ameshangaa. Nilipomuuliza kwa nini hakuniambia, alisema, "Mimi nafikiri huko kwenu wanaume nasaidia kazi."

Barua ilimalizia kwa ushauri: nimtafute mtu wa pwani anisahihishie lugha.

Mtu wa pwani wa karibu niliyesikia habari zake alikuwa bwana afya huko Kenyenya, upande wa pili kabisa wa Kisii. Nilimwendea likizo ya shule. Kazi yake ilikuwa kuzunguka maboma akiwaamrisha watu wachimbe vyoo, na aliwaamrisha kwa Kiswahili kizuri kuliko kilichowahi kutumika duniani kwa shughuli hiyo. Nadhani alikuwa mpweke. Miaka yote aliyokaa milimani, hakuna aliyewahi kumwambia kwamba anasema vizuri. Walimjibu tu kwamba mwamba umezuia shimo. Nilipomwonyesha riwaya aliipokea kwa mikono miwili.

Aliifanyia kazi muhula mzima. Niliporudi alikuwa ameandaa mkeka na kahawa, ambayo nilikataa kwa ajili ya dini, na tende, ambazo nilikubali.

"Bibi mwalimu," akaanza, "hadithi yako ina roho. Lakini Kiswahili chako kilikuwa kimevaa gambuti."

"Kwetu kuna matope, bwana."

"Matope yabaki nje ya kitabu."

Alikuwa amewarudishia akina mama watoto wao, namshukuru hadi leo. Alikuwa amenyoosha ngeli zangu zilizopinda na kuweka koma mahali ambapo sikujua koma huweza kukaa. Lakini hakuishia hapo. Binti yangu aliyemwambia kaka yake, "Toka shambani kabla sijakukata," sasa alikuwa akisema, "Ewe kaka yangu, nakusihi uondoke, kwani subira yangu imefika ukingoni."

"Lakini ameshika panga, bwana," nikasema.

"Na mwenye panga asiwe na adabu?"

Sikuwa na ujasiri wa kubishana na mtu aliyenifanyia kazi bure. Niliupeleka mswada mjini ukapigwe taipu upya. Mpiga taipu alifika mahali pa panga akasimamisha vidole.

"Nani amefundisha hii mwanamke adabu?"

"Mtu wa pwani."

"Mimi napenda ile ya zamani," akasema, lakini akachapa.

Tuliutuma kwa mchapishaji wa pili. Jibu lake lilikuja upesi, na lilikuwa fupi. Kiswahili chako, lilisema, ni kitamu mno, ila watu wako wanaamkiana kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa tano, na hatukuweza kuamini kwamba ni wakulima wa Kisii. Walinishauri niandike kuhusu watu ninaowajua.

Nikaandika mara ya tatu. Nilibakiza koma za bwana afya na kumrudishia binti panga lake. Mpiga taipu alichapa kwa furaha; nilimsikia akicheka peke yake nyuma ya marobota ya kitambaa. Mchapishaji wa tatu alikaa na kazi hiyo muda mrefu hata mtoto wangu wa tatu akatembea na kusema. Kisha mswada ukarudi bila neno lolote, ila ukurasa wa kwanza ulikuwa na alama ya mviringo, ya kikombe. Mume wangu aliichunguza kama anavyochunguza majani. "Ni chai," akathibitisha. "Tena nzito."

Bandani waliacha kuniuliza. Hiyo ndiyo hatua ya huruma niliyoitaja. Jirani yangu alinipa moyo kwa namna yake: "Hata kama hakitoki, sisi tulishakisikia."

Kilitoka kwa sababu ya matope. Mwanzoni mwa miaka ya sabini, mtu mmoja aliyekuwa akizunguka kuuza vitabu vya shule alikuja kwetu na gari dogo jeupe, likakwama chini ya shule. Lilikuwa gari la mtu aliyetazama ramani bila kutazama mbingu. Darasa langu zima lilishuka kulisukuma. Lilipotoka, yeye alikuwa mwekundu wa udongo kuanzia viatu hadi tai, na hakuwa na kitu cha kutushukuria. Nilimkaribisha nyumbani anawe, nikampa uji, na alipokuwa na kikombe mkono mmoja na taulo mkono mwingine, nikamwekea mswada mapajani.

"Hii ni nini, mama?"

"Ni riwaya. Utawapelekea wakubwa wako."

"Mimi ni muuzaji tu."

"Ndiyo, na sisi tuliolisukuma ni wasukumaji tu."

Akaubeba. Hakuwa na namna.

Barua iliyokuja baada ya hapo nilimwomba mume wangu aisome, kwa maana macho yangu yalikataa. Walikuwa wamekubali. Walikuwa wakianzisha mfululizo wa vitabu vya watu wazima wanaojifunza kusoma, wale wa ngumbaru, na hadithi ya chai ilikuwa imewafaa kabisa. Palikuwa na masharti machache. Kitabu kipunguzwe nusu. Mambo ya mapenzi yaondoke, kwa kuwa wanafunzi wa ngumbaru ni watu wazima. Na sura ambayo kaka wanamvamia binti shambani ifutwe yote, isije ikachochea ugomvi wa ardhi. Badala yake niongeze maelezo kidogo kuhusu kupogoa michai.

"Wameikataa?" mume wangu aliuliza alipomaliza kusoma, kwa kuwa uso wangu ulimchanganya.

"Wameikubali."

"Sasa mbona unakaa hivyo?"

Nilikwenda mjini kumwambia mpiga taipu. Dukani marobota yalikuwa yamepungua. Familia nyingi za Kihindi zilikuwa zikifunga maduka miaka ile, na yao ilikuwa inajiandaa kuhamia Nairobi, na pengine mbali zaidi. Alisikiliza masharti yote. Aliposikia habari ya sura ya kaka, alivua miwani.

"Hiyo sura mimi nachapa mara tatu!"

"Najua."

"Sura zote ingine sawa. Hiyo ndiyo kitabu." Akavaa miwani, akavuta karatasi. "Haya. Tunakata. Lakini wewe kata, mimi nafunga macho."

Tulikata. Alichapa toleo la mwisho kati ya masanduku yaliyokwisha kufungwa, na hiyo ilikuwa kazi ya mwisho ya mashine ile katika mji wa Kisii.

Kitabu kilifika shuleni kwa basi, kikiwa kimefungwa kwa karatasi ya kaki. Kilikuwa chembamba kama kitabu cha nyimbo. Jina lilikuwa limebadilishwa bila mimi kuulizwa; sasa kiliitwa *Jasho la Mkulima wa Chai*. Kwenye jalada palikuwa na mwanamume mwenye kofia pana, akitabasamu na kikapu mgongoni. Binti yangu hakuonekana popote. Nyuma, chini ya jina langu, ambalo Nairobi hawakujua kama ni la kike au la kiume, paliandikwa: *Mwandishi ni mkulima hodari. Ana mke na watoto.*

Mume wangu alisoma maneno hayo kwa sauti, akafunga kitabu, akaniuliza, "Mke wako amepika nini leo?"

Mpiga taipu nilimtumia nakala kwa anwani aliyoniachia. Alijibu kwa kadi ya posta. Hakunipongeza. Aliandika kwamba ukurasa wa nane herufi moja imegeuka kichwa chini, na kwamba yeye hajawahi kufanya hivyo maishani mwake.

Mimi niliyetegemea kwamba kitabu kile kitakufa kimyakimya, nilikosea. Kiliuzwa. Duka la vitabu mjini lilikiweka kwenye rafu ya kilimo, kati ya ugonjwa wa ng'ombe na matumizi ya mbolea, na wakulima wakakinunua. Maofisa wa kilimo wakakibeba kwenye mikutano. Mchungaji alikitangaza kanisani, akisema ni vyema mwalimu ameacha mambo ya kubuni na kuandika jambo la kweli. Watu walianza kunisimamisha sokoni. Hakuna aliyeniuliza habari za binti. Waliuliza kama ni lazima kupogoa wakati wa kiangazi, na mzee mmoja wa Nyamira alikuja hadi shuleni na tawi lililokauka, akadai kwamba amefuata ukurasa wa kumi na tisa na sasa nitazame matokeo.

Ukurasa wa kumi na tisa nilikuwa nimeubuni.

Wanawake wa bandani ndio waliokasirika kweli. Nilikuwa nimewasomea toleo lililochapishwa, kwa sherehe, na soda. Jirani yangu alisikiliza hadi mwisho, akaniuliza, "Mguu wa kaka ulivunjikia wapi?"

"Umekatwa."

"Umekatwa au umevunjika?"

"Sura ndiyo imekatwa."

"Basi hiki si kitabu chetu," akaamua, na wengine wakaguna kukubali. Walikunywa soda, lakini bila kunitazama sana.

Nimebakiza mgeni mmoja wa kusimulia habari zake. Alikuja Jumapili moja mchana, wakati mimi na watoto tulikuwa tunapalilia. Alikuwa mwanamke wa makamo, amevaa vizuri, viatu mkononi kwa ajili ya matope. Alisema anatoka upande wa Nyakoe na amekuja kwa sababu ya kitabu. Nilisimika jembe, nikavuta pumzi.

"Kuhusu kupogoa," nikaanza, "kuna makosa kidogo."

"Kupogoa najua," akasema. "Nataka kuuliza jambo jingine, mwalimu. Kitabuni, kaka zake wanakuja asubuhi na mapanga. Ukifungua ukurasa unaofuata, wanachuma chai pamoja naye, kila mtu anacheka. Hapo katikati kulikuwa na nini?"

Tangu kitabu kitoke, ukiacha wanawake wa bandani, hakuna aliyekuwa ameliona pengo hilo, hata maofisa, hata walimu wenzangu.

"Kulikuwa na sura. Ilikatwa."

"Nani aliikata?"

"Watu wa Nairobi."

"Wao wana kaka?"

Nilimpa kigoda. Watoto nikawatuma mtoni. Akanieleza kwa ufupi kwamba aliachana na mume wake, ng'ombe wa mahari wakarudishwa, na kaka zake wamemwambia aondoke nyumbani kwa marehemu baba yao kabla ya mvua za kupandia. Kisha akangoja sura yake.

Nikamsimulia kwa Ekegusii, jinsi ilivyokuja kichwani mwangu mara ya kwanza. Kaka wanaingia shambani. Binti anatupa panga lake, anaketi katikati ya miche. Anawaambia, "Nikateni basi. Lakini mkishanikata mtanizika wapi? Aliyenioa amerudishiwa ng'ombe wake, hanidai tena. Mtanizika hapa hapa, na binti akishazikwa shambani kwa baba yake, nani atamwondoa? Nikiwa hai nahitaji kipande. Nikifa nitachukua shamba zima." Na kaka wanasimama, wanatazamana, na yule mkubwa, akirudi nyuma bila kutazama, anaanguka shimoni na kuvunjika mguu.

Mgeni alitabasamu mahali pa mguu. Kisha akachora udongo kwa kidole cha mguu.

"Ni maneno makubwa," akasema. "Lakini hayatawafaa kaka zangu. Wao wamesoma. Watanizika makaburi ya mjini."

Sikujua nicheke au nilie, na yeye hakunionyesha. Aliomba maji akanywa. Alinisifu kwa kabichi zangu. Nilimsindikiza hadi barabarani, naye njia nzima akanieleza jinsi hukumu ya kesi yake na kaka zake mbele ya baraza la wazee ilivyoahirishwa kwa sababu chifu alikuwa na harusi, na jinsi alivyokwisha kuamua kutoisubiri.

Baadaye nilisikia kwamba alikodi shamba kwa mjane mmoja huko huko Nyakoe, akapanda ndizi. Jamaa aliyeniletea habari alimuuliza kwa nini hakupanda chai, ilhali amemtembelea mtaalamu. Akamjibu kwamba ndizi hazihitaji kitabu.